Aliyekutwa Amepiga Magoti

Maisha ya Mchungaji Johann Ludwig Krapf (1810–1881)



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza safari ya kwaya yetu kwa miaka 50: waanzilishi wetu, walimu waliotufundisha, sare ya kwanza, ziara tulizofanya na kanda tulizorekodi. Kurasa hizi chache tumezitenga kwa ajili ya mtu ambaye hakuimba nasi kamwe. Ni Mchungaji Johann Ludwig Krapf, ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni kama Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tukafanya mtihani, tukamsahau.

Tumemrudia kwa sababu ya daftari. Tulipokuwa tukikusanya vitu vya kuonyesha siku ya jubilei, tulitoa kabatini daftari letu la maombi. Wanakwaya wote wanalijua. Kabla ya mazoezi mtu huandika hitaji lake au la jirani yake, tunaliombea, na likijibiwa tunaweka alama ya vyema pembeni. Tulifungua kurasa za miaka ya ukame, kurasa za miezi ile ya fujo baada ya uchaguzi wa 2007, na kurasa za 2020 milango ya kanisa ilipofungwa. Alama za vyema zipo, tunamshukuru Mungu. Lakini mahitaji yasiyo na alama ni mengi. Mengine ni majina ya wenzetu tuliowaombea wapone, kisha tukaenda kuwaimbia kaburini. Mwenzetu mmoja wa sauti ya nne aliuliza kama inafaa kweli kuliweka daftari hilo mezani siku ya sherehe, wageni walione. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka.

Ni katika kulizungumza jambo hilo ndipo mlezi wetu alipolitaja jina la Krapf. Tulisoma habari zake upya, na tunawaletea hapa kwa ufupi.

MTOTO ALIYEPIGWA BILA KOSA

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, kwa kumdhania mtoto mwingine. Kipigo hicho kilimlaza kitandani karibu miezi sita. Hakuwa na la kufanya ila kusoma, na kitabu kilichokuwa karibu naye ni Biblia. Alipopata nafuu alikuwa akiwasimulia wavunaji shambani habari za Agano la Kale, wakamsikiliza.

Alipelekwa shule mjini Tübingen. Huko aliangalia ramani ya Afrika na kushangaa kuona sehemu kubwa ya upande wa mashariki ikiwa tupu, bila majina. Baadaye alisikia habari za kazi ya misheni, na akiwa kijana wa miaka 17 aliingia chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi. Njia haikunyooka: aliacha chuo, akasomea theolojia Tübingen, akatumika kwa muda kama kasisi msaidizi, kisha akarudi kwenye wito wake wa kwanza. Mwaka 1837 alisafiri kwenda Ethiopia akitumwa na shirika la CMS la Kanisa la Anglikana, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mlutheri. Wakati huo makanisa hayo mawili yalishirikiana bila kuulizana sana.

MLANGO ULIOFUNGWA

Huko Ethiopia kazi yake ya kwanza haikumaliza hata miezi michache. Alifika Adwa mwishoni mwa 1837, na mapema mwaka uliofuata akafukuzwa pamoja na wenzake. Alijaribu tena kupitia ufalme wa Shoa, akakaa huko kuanzia 1839 hadi 1842. Akiwa Shoa aliwajua Waoromo, na moyo wake ukashikwa nao. Aliomba apewe nafasi ya kuwapelekea Injili, na ombi hilo alilibeba miaka mingi.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich, mwanamke kutoka Basel aliyekuwa tayari kuishi maisha hayo ya safari. Mwaka uliofuata walijaribu kurudi Ethiopia wakitokea pwani ya Bahari ya Shamu. Wakiwa nyikani, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto huyo wa kike aliishi muda mfupi sana. Walimbatiza wakamwita Eneba, yaani chozi, wakamzika chini ya mti kando ya njia. Siku ya tatu mama huyo ilimbidi aendelee na safari, kwa kuwa waliokuwa wakiwaongoza hawakutaka kungoja zaidi.

Na baada ya hayo yote, njia ya Ethiopia ilifungwa. Ndipo Krapf alipofikiria kuwafikia Waoromo kwa kuzunguka, akipitia pwani yetu. Tukumbuke jambo hili tunapohesabu mwanzo wa Injili kwetu: Mombasa haikuwa katika mpango wake wa kwanza. Alikuja kwetu kwa sababu lile aliloliomba alinyimwa.

JULAI 1844

Krapf na Rosine walifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844. Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri, akampa Krapf barua ya kuwaomba watawala wake wa pwani wamtendee wema. Kisha wakahamia Mombasa.

Pale Mombasa Krapf alianza mara moja kujifunza Kiswahili. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohedin, mmoja wa makadhi wa mji. Inapendeza kukumbuka kwamba mstari wa kwanza wa Biblia katika lugha yetu ulishughulikiwa na Mkristo na Mwislamu walioketi pamoja wakitafuta neno linalofaa.

Kisha homa ikaingia nyumbani. Krapf aliugua kwanza. Rosine naye akashikwa, na tarehe 6 Julai akajifungua mtoto wa kike. Homa ikazidi. Mume na mke walilala wote wagonjwa, na Krapf hakuwa na nguvu hata ya kumhudumia mkewe. Rosine alipoona kwamba hataishi, aliomba. Aliwaombea jamaa zake, akaiombea misheni, akaiombea Afrika Mashariki. Alimwombea pia Sultani, kwamba Mungu auelekeze moyo wake awatafutie raia zake mema ya milele.

Tunaomba msomaji asiipite sala hiyo haraka. Alikuwa mama mwenye mtoto wa siku chache, katika nchi aliyoishi kwa miezi michache tu, akifa kwa ugonjwa ambao wakati huo haukujulikana unaletwa na nini. Angekuwa na haki ya kujiombea mwenyewe hadi pumzi ya mwisho. Badala yake aliwaombea watu wa nchi hii na mtawala wao, ambaye hata hakuwa wa dini yake. Tena akaomba asizikwe kisiwani, bali upande wa bara, ili kila apitaye aone kaburi na kukumbuka kilichowaleta.

Rosine alifariki tarehe 13 Julai 1844. Krapf alijikokota kutoka kitandani mwake ili ahakikishe kwamba kweli amekwenda. Alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo leo ni Nyali. Siku chache baadaye mtoto naye akafa, akazikwa ubavuni mwa mama yake. Krapf alikuwa na umri wa miaka 34, na sasa alikuwa amezika watoto wawili na mke.

Akiwa bado dhaifu aliwaandikia wakubwa wake London. Hakuomba arudishwe nyumbani. Aliwaeleza kwamba kaburi lile la upweke kando ya bahari ni dalili kwamba kazi ya Afrika Mashariki imekwisha kuanza, na akawasihi waitume watu zaidi. Barua hiyo imesomwa sana tangu wakati huo. Sisi tunaongeza jambo moja tu: mwandishi wake alikuwa mtu ambaye maombi yake ya wiki hizo, ya kuponywa kwa mke na mtoto, hayakuwa na alama ya vyema.

PUNDA MMOJA, WAGONJWA WAWILI

Miaka miwili baadaye, mwaka 1846, alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana kutoka eneo lilelile la Ujerumani. Wazee wa Rabai waliwakubalia wakae kwao. Siku ya kuhama, mwezi Agosti, wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakapokezana kumpanda, na kile kilima cha Rabai, ambacho hata mtu mzima wa afya hukipanda akihema, walikipanda hivyo hivyo. Ndivyo kituo cha kwanza cha misheni hiyo katika nchi yetu kilivyofunguliwa.

Ibada za kwanza hazikujaa watu. Waliohudhuria walikuwa wachache, na baadhi yao waliuliza watapewa nini kwa kuja kukaa na kusikiliza. Hatuwalaumu mababu hao. Watu wa Rabai na wenzao wa kaya za Mijikenda, ambao wageni wakati huo waliwaita Wanyika, waliishi kwa shida. Njaa kubwa ilipoingia, wapo waliolazimika kumweka mtoto au jamaa rehani kwa watu wa pwani ili wengine nyumbani wapate chakula, na aliyewekwa rehani aliweza kuishia utumwani. Misafara iliyobeba pembe za ndovu ilibeba na watu. Mtu aliyekuja na habari ya wokovu ilikuwa haki yake kuulizwa wokovu huo unaanza na kula au la.

Krapf aliyaona mambo hayo na kuyaandika. Aliendelea kutembea kijiji hadi kijiji, akijifunza lugha na kuzungumza na mtu mmoja mmoja. Wa kwanza kuupokea ujumbe wake kwa moyo alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu wa mwili, maskini, ambaye hakuhesabiwa kuwa kitu na wengi. Alibatizwa akiwa karibu na kufa. Kwa hiyo hata tunda hilo la kwanza lilikwenda kaburini upesi.

Lakini kalamu haikusimama. Injili ya Luka ilichapishwa katika lugha ya Kirabai mwaka 1848 huko Bombay, na Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850 huko Tübingen. Mwaka huohuo wa 1850 kilitoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, kwa ustadi mkubwa. Krapf alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukiandika kwa herufi za Kilatini. Kila mwimbaji anayeshika kitabu cha nyimbo leo anasoma kwa njia ambayo yeye alishiriki kuifungua.

MLIMA NA MTO TANA

Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf naye alimtembelea Kimweri, mfalme wa Usambara, kisha akasafiri Ukambani. Huko Kitui alipokelewa na Kivoi, mfanyabiashara maarufu na kiongozi wa Wakamba. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yaliachana na Krapf akauona mlima wenye vilele viwili vyeupe. Jina alilolisikia kwa wenyeji wake aliliandika alivyoweza, na kutokana na jina la mlima huo nchi yetu ikaja kuitwa Kenya. Wataalamu kadhaa wa Ulaya hawakuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, wakawadhihaki wamishenari hao wawili kwa miaka.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, karibu imalize maisha yake. Alikwenda na Kivoi kuelekea mto Tana, wakavamiwa njiani. Kivoi aliuawa. Krapf alipoteana na wenzake, akabaki peke yake porini, akijificha mchana na kutembea usiku. Alipofika mtoni alikunywa, kisha akatafuta chombo cha kubebea maji. Hakuwa nacho, hivyo akajaza maji katika ala ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Alikula majani na mizizi. Aliporudi kwa watu, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, na ilimbidi atoroke tena kabla ya kufika Rabai. Kituo alichotamani kukifungua Ukambani hakikufunguka wakati wake.

Mwaka 1853 afya yake ilikuwa imevunjika, akaondoka kwenda Ulaya. Ndoto yake ya safu ya vituo vya misheni kutoka Mombasa, kupasua bara hadi pwani ya magharibi, ilibaki kwenye karatasi. Waoromo aliowaombea tangu Shoa hakuweza kuwafikia kama alivyotaka.

HAKUWA MALAIKA

Hatuandiki haya ili kumfanya malaika. Krapf aliwapenda watu wa nchi hii, lakini aliandika juu yao maneno makali ambayo mjukuu wa Rabai akiyasoma leo yatamchoma. Mila nyingi alizihukumu kabla hajazielewa. Ngoma, ambayo sisi leo tunaipiga madhabahuni kwa shangwe, kwake ilikuwa kelele za giza. Hata na Rebmann hawakupatana daima. Krapf alitaka kusonga mbele, kituo baada ya kituo. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja na kungoja. Kwaya yoyote iliyowahi kugombana kama iimbe nyimbo mpya au ikamilishe kwanza za zamani itawaelewa watu hao wawili.

Na Rebmann alikaa kweli. Alibaki miaka 29 bila kurudi kwao, mpaka macho yake yakapofuka. Alipoondoka mwaka 1875 aliongozwa safarini na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyemshika mkono hadi Ujerumani. Rebmann alikwenda kuishi Korntal, alikokuwa akiishi Krapf, na mwaka uliofuata akafariki.

KILICHOTOKEA BAADAYE

Krapf alirudi kwetu mara moja zaidi, mwaka 1862, akiwaleta wamishenari wa Kimethodisti, akiwemo Thomas Wakefield, nao wakaanza kazi Ribe, karibu na Rabai. Baada ya miezi michache ugonjwa ukamrudisha kwao. Kuanzia hapo mengi yaliyotokea aliyasikia kwa barua tu, na mengine hakuyasikia kabisa.

Mwaka 1864 walifika Rabai Waafrika waliokuwa wameokolewa kutoka majahazi ya watumwa na kulelewa India, wale walioitwa Wabombay. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Freretown, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, upande uleule wa bara alikolala Rosine. Aliyewahi kushuka kwenye matatu pale Kengeleni anaijua kengele iliyolipatia eneo hilo jina. Ililia kuwaonya watu hatari ilipokaribia.

Mwaka 1885, miaka minne baada ya Krapf kufariki, Jones na Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi. Jones alikuwa akiongoza Rabai wakati watumwa waliotoroka walipokuwa wakikimbilia pale kwa wingi. Mabwana zao waliwadai warudishwe, na jambo hilo likawa hatari kwa misheni nzima. Hatimaye fidia ilipatikana, na siku ya mwaka mpya wa 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai. Katika vituo vya misheni vya pwani waliokombolewa kwa mpango huo walizidi watu elfu moja.

Tuliposoma hapo, mmoja wetu alirudi nyuma akasoma tena habari ya punda mmoja na wagonjwa wawili. Kilima ni kilekile. Walipokipanda mwaka 1846 wakitetemeka kwa homa, waliomba Rabai pawe mahali pa watu kusikia Injili. Ndani ya miaka 43 palikuwa mahali ambapo mtu aliyefungwa minyororo angeweza kukimbilia, na aliyempokea alikuwa Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe. Krapf hakuyaona hayo. Rosine, aliyewaombea watu wa nchi hii mema, alikuwa amelala udongoni kwa miaka 44.

Hatusemi kwamba kila ombi lisilo na alama litapata jibu la kupendeza likingojewa vya kutosha. Eneba hakurudi. Rosine hakupona. Kivoi aliuawa, na watoto wake walibaki bila baba. Mtu akituambia kwamba vifo hivyo vilikuwa bei ya lazima ya mazuri yaliyofuata, tutamwacha aseme, lakini hatutaitikia amina. Tunachokiona ni kwamba Krapf na Rosine hawakuacha kuwaombea watu kwa sababu ya kunyimwa jambo walilojiombea wenyewe. Kuomba kwao hakukuwa biashara ya kutoa na kupokea. Ilikuwa njia ya kukaa pamoja na watu katika shida zao, hata wakiwa mbali, hata wakiwa wenyewe wanaumwa.

USIKU WA MWISHO

Krapf aliishi miaka yake ya mwisho Korntal, akiendelea na kazi ya lugha za Afrika. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, aliyoanza kuikusanya katika miaka ile ya Mombasa na Rabai, ilichapishwa mwaka 1882. Yeye hakuishika mkononi. Mwishoni mwa Novemba 1881 aliingia chumbani mwake usiku kulala kama kawaida. Asubuhi, tarehe 26, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Hakuna ajuaye alikuwa akiomba nini. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu aondoke Rabai mwaka 1853. Lakini tukimjua kama tulivyomjua sasa, hatuwezi kuamini kwamba watu wa nchi hii hawakutajwa katika sala yake ya mwisho.

NA SISI

Mwezi uliopita wanakwaya 30 tulikwenda Nyali kuliona kaburi la Rosine na mnara wa kumbukumbu ya Krapf, kisha tukapanda Rabai kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo na jumba la makumbusho. Joto lilikuwa kali. Pale kaburini hatukuwa tumepanga kuimba. Mama mmoja wa sauti ya pili alianza, wengine tukaingia, na baharini upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba waliosimama nyuma hawakuwasikia wa mbele. Tuliimba hivyo hivyo hadi mwisho. Kisha tukaombea mvua, kaunti zilizokaukiwa, vijana wetu wasio na kazi, na viongozi wetu, hata wale ambao hatukuwapigia kura, kwa kuwa Rosine alimwombea Sultani.

Tuliporudi, swali la daftari lilikuwa limejijibu. Mtalikuta mezani karibu na mlango mkuu siku ya jubilei, likiwa wazi, na kurasa zote zikionekana: zenye alama na zisizo na alama. Hatukuongeza alama yoyote ili kulipendezesha. Yale majina ya wenzetu tuliowazika tumeyaacha kama yalivyoandikwa, kwa mwandiko wa wale walioyaandika wakiwa na matumaini.

Kando yake tumeweka daftari jipya, na kalamu. Ukiwa na hitaji lako, au la jirani, au la watu wa mbali ambao hutawaona kamwe, liandike kabla hujaketi. Jumamosi ijayo tutaanza mazoezi kwa kulisoma. Hatuahidi lini litapata alama. Tunaahidi kwamba litaombewa, na sisi tukiondoka, watakaoshika sare hizi baada yetu watalikuta hapo na kuendelea.